Anayewaita Watu Barabarani Awepo Siku ya Hitima

Kila uchaguzi unapomalizika Zanzibar, swali moja huzunguka barazani pamoja na kahawa, kuanzia Jaws Corner mpaka Michenzani, na kwa upande wa Pemba kuanzia Konde mpaka Mkoani: mabalozi wamesemaje? Mmoja hutoa simu, akasoma taarifa ya ubalozi kwa sauti, na wenziwe wakapima maneno yake kama wanavyopima karafuu kwenye mizani. Wameandika "wasiwasi" au "wasiwasi mkubwa"? Wamesema "tunafuatilia" au "hatutambui"? Na hakosekani anayetaka zaidi ya hapo. Anataka Washington, London au Brussels iseme waziwazi: wananchi, inukeni, tuko nyuma yenu.

Hamu hiyo haitokani na ujinga. Mtu ambaye kura yake ya Oktoba 2015 ilifutwa kwa tangazo la dakika chache ana haki ya kutafuta msaada popote atakapouona. Hata hivyo jibu langu ni hapana. Dola la nje lisiwahimize watu kuinuka dhidi ya serikali yao ya mabavu, ila kama liko tayari kubeba nao gharama kwa mwili, kwa mali na kwa muda, na liwe limesema kiasi chake kabla mtu wa kwanza hajatoka nyumbani. Kwa desturi zetu wafiwa hawahesabu watu siku ya maziko. Siku hiyo kila mtu yupo, na kila mtu anataka kushika jeneza. Siku ya tatu, hitima ikishasomwa, ndipo inapoonekana nani amebaki kuosha masufuria na nani amekwenda zake. Katika habari za watu kuinuka, dola za nje zina tabia ya kuja maziko na kukosa hitima.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Iraq. Tarehe 15 Februari 1991, huku ndege za Marekani na washirika wake zikiendelea kuipiga nchi hiyo, Rais George H. W. Bush alisema kuna njia nyingine ya kusimamisha umwagaji damu: wanajeshi na wananchi wa Iraq wayachukue mambo mikononi mwao na kumlazimisha Saddam Hussein aondoke. Redio ziliyafikisha maneno hayo Iraq. Mwanzoni mwa Machi, askari waliokuwa wakirudi kutoka Kuwait wameshindwa walianzisha uasi Basra. Moto ukaenda Najaf na Karbala, kisha kaskazini kwa Wakurdi. Katika mikoa 18 ya Iraq, 14 ilitoka mikononi mwa serikali.

Sasa tazama jambo moja dogo lililofanyika ndani ya hema. Tarehe 3 Machi, huko Safwan, karibu na mpaka wa Kuwait, Jenerali Norman Schwarzkopf alikutana na majenerali wa Iraq kupanga masharti ya kusitisha vita. Waliomba ruhusa ya kurusha helikopta, kwa hoja kwamba madaraja yamevunjwa na viongozi hawana njia ya kutembea. Akakubali. Wakauliza, hata zenye silaha? Akakubali pia. Ndege za kivita zikabaki marufuku, helikopta zikaruhusiwa, na kwa mji ulioinuka helikopta ni mbaya zaidi, kwa sababu inashuka chini, inatulia juu ya mtaa na kuchagua nyumba. Waasi wa kusini waliokwenda kuwaomba askari wa Marekani silaha zilizotekwa walinyimwa. Maghala hayo yalilipuliwa na askari hao hao. Waliouawa ni makumi ya maelfu. Zaidi ya Wakurdi milioni 1 walikimbilia mipaka ya Uturuki na Iran, milimani, kwenye baridi. Azimio namba 688 la Baraza la Usalama lilipita tarehe 5 Aprili, na Wakurdi wakapata ulinzi wa anga. Watu wa kusini walikuwa wameshamalizwa.

Kosa lilikuwa wapi? Wengi hulijibu swali hili kwa neno "usaliti" na kuishia hapo, lakini ukiangalia namna mambo yalivyokwenda utaona kitu chenye mafunzo zaidi. Washington ilitaka mapinduzi ya maofisa: jenerali mmoja amwondoe Saddam, jeshi libaki, nchi isigawanyike. Fundi wa Basra na mwanafunzi wa Najaf walisikia neno "wananchi" na wakajua wameitwa wao. Sentensi moja iliingia masikio mawili, na aliyeisema hakutuma mtu kurekebisha maana. Pili, hakuna aliyepewa kazi ya kujibu swali la siku ya tatu: wakiinuka na vifaru vikija, nani atafanya nini, kwa saa ngapi, kwa amri ya nani? Kwa kuwa swali halikuulizwa, jibu lilitolewa hemani na jenerali aliyekuwa akifikiria kurudisha askari wake kwao salama. Yeye alikuwa akifanya kazi yake. Waliotoa mwito hawakuifanya yao.

Miaka 35 kabla ya hapo Hungary ilipita njia hiyo hiyo. Watu waliinuka Budapest tarehe 23 Oktoba 1956. Radio Free Europe, iliyokuwa Munich na kulipiwa na Marekani, ilikuwa ikiwatangazia kwa lugha yao kwa miaka, na katika siku zile vipindi vyake vingine viliingia mpaka mbinu za kupambana na vifaru. Tarehe 27 Oktoba waziri wa mambo ya nje wa Marekani, John Foster Dulles, alihutubia Dallas na kusema nchi yake haizitazami nchi zile kama washirika wa kijeshi wa baadaye. Ujumbe huo ulikusudiwa Moscow, kuituliza. Kwa hiyo Moscow iliambiwa kwamba hakuna atakayekuja, na kijana wa Budapest akaachwa na matumaini yake. Vifaru vya Kisovieti viliingia tarehe 4 Novemba. Wahungari wapatao 2,500 waliuawa, karibu 200,000 wakakimbia nchi, na waziri mkuu Imre Nagy akanyongwa Juni 1958.

Hapo ndipo ninapopata kipimo cha kwanza cha kauli ya dola la nje: inamwambia nani ukweli? Ikiwa dikteta anajua kwamba hakuna askari watakaokuja, na mwandamanaji hajui, basi kauli hiyo imemsaidia dikteta.

Tusijitoe katika hesabu hii, kwani nchi yetu nayo imewahi kuwa dola la nje. Tarehe 17 Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Idi Amin, zaidi ya 1,000, waliingia Uganda kutoka Tanzania, kundi moja kwa Mutukula kuelekea Masaka, jengine likielekea Mbarara. Mpango ulikuwa na sehemu tatu zinazotegemeana. Ndege ingetua Entebbe na wapiganaji wake wauteke uwanja. Malori yangeingia kwa barabara. Na wananchi pamoja na askari wa Uganda, wakishasikia, wangeinuka. Ndege yenyewe, DC-9 ya East African Airways, ilichukuliwa Dar es Salaam kwa siri, ikatua Kilimanjaro kuwapakia wapiganaji. Matairi yakapasuka pale pale uwanjani. Entebbe haikufikiwa. Malori nayo hayakupata wa kuyapokea. Masaka na Mbarara watu walibaki majumbani, kwa sababu mtu mwenye akili hatoki kumpokea mkombozi asiyejua kama atakuwepo kesho.

Ndani ya siku chache waliovuka walikuwa wameuawa, wametekwa au wamekimbia. Gharama kubwa ilikuja baada yake, na walioilipa hawakuwa na silaha. Tarehe 21 Septemba Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa ofisini kwake mahakamani na watu wa Idi Amin, na hakuonekana tena. Ndege za Amin zilipiga Bukoba na Mwanza. Oktoba 1972 Tanzania ilitia saini makubaliano ya Mogadishu na kuwaondoa wapiganaji wale mpakani. Uasi ulioshindwa humwachia dikteta orodha: nani alifurahi, nani alinyamaza, nani hakwenda kazini siku ile. Ndiyo maana nasema jaribio lililotengenezwa nusu nusu ni baya kuliko kutojaribu kabisa.

Linganisha na 1979. Mara hii Amin ndiye aliyeanza, kwa kuvamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Tanzania haikumtuma mtu mwengine akafe badala yake. Ilipeleka jeshi lake, askari wapatao 45,000, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Tanzania ililipa kwa damu na kwa uchumi wake, na askari wake wakabaki Uganda mpaka 1981. Hata hivyo siku ya tatu ilikuwa ngumu. Yusuf Lule alikaa madarakani siku 68 tu, Godfrey Binaisa hakufikisha mwaka, uchaguzi wa Desemba 1980 ukabishaniwa, na Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Ikiwa dola lililoingia kwa miguu yake miwili, jirani, linalojua lugha na koo za pale, lilishindwa kuituliza nchi, basi dola lililo mbali, linalotuma maneno peke yake, lifikirie mara nyingi kabla ya kufungua mdomo.

Kuna historia yetu nyengine inayofaa kuwekwa kando ya hiyo, nayo ndiyo inayonizuia nisiseme kwamba wageni wakae kimya tu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilifanya makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Wapiganaji wa kusini mwa Afrika walipewa kambi Kongwa na Nachingwea, na ANC ikapewa ardhi Mazimbu, Morogoro, ikajenga skuli. Lakini mwito wa kuinuka ulitoka kwa wenyewe. FRELIMO iliundwa na Wamsumbiji, ikachagua siku yake ya kuanza vita, Septemba 1964, kwa hesabu zake. Tanzania ilifungua mlango na ikakubali kulipia mlango huo. Mwaka 1965 ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia na kuukosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Msaada wa namna hii naukubali: mwenye shida ameamua mwenyewe, na msaidizi amekubali kwamba bomu linaweza kupasuka mjini kwake.

Zanzibar yenyewe iliinuka usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Watu wa visiwa hivi hawakubaliani mpaka leo juu ya maana ya usiku ule wala juu ya idadi ya waliokufa, na sitajaribu kuwapatanisha hapa. Nataka kutazama kitu kimoja tu, nafasi ya dola za nje. Chanzo kilikuwa cha ndani. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi, ASP, kilipata karibu asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kikabaki upinzani. Serikali mpya, ya chama cha Hizbu na washirika wake, iliwaachisha kazi polisi wengi waliotoka bara, ikabaki na jeshi la polisi lisilo na uzoefu na watu wenye kinyongo mitaani wanaojua ghala la silaha lilivyo. Waasi waliteka kambi ya Ziwani, wakateka Mtoni, wakaishika redio. Serikali iliyokuwa ikianguka iliomba msaada wa Uingereza, haikupata. Meli za Kiingereza zilikuja kuchukua raia wao.

Madola yalijaa baadaye, kila moja na mkoba wake. Ujerumani Mashariki ilitambua haraka na kuleta mafundi, na majengo yao yapo Kikwajuni na Michenzani mpaka leo. China ikaja, Urusi ikaja. Marekani ikapoteza kituo chake cha kufuatilia vyombo vya angani kule Tunguu, na Uingereza ikaitambua serikali mpya tarehe 23 Februari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza katika wiki zile raia gani wanalindwa na nani. Walikuwa wakigombania nani atakuwa rafiki wa serikali mpya.

Historia hiyo pia imeacha kitu ambacho mabalozi wengi hawakielewi wanapoandika taarifa zao. Hapa kwetu mpinzani anaweza kuitwa "Hizbu" akiwa amezaliwa miaka ishirini baada ya Hizbu kufa. Anaambiwa anataka kumrudisha Sultani, ametumwa na Waarabu, ni kibaraka wa mabeberu. Kila serikali ya mabavu duniani ina msamiati wake wa aina hiyo, na wa kwetu umeshiba kwa sababu una historia ya kweli nyuma yake: tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kuipiga Forodhani, na kwa muda usiofika saa moja watu karibu 500 waliuawa au kujeruhiwa ili tu mtu mwengine awe Sultani. Kwa hiyo dola kubwa linapowaambia Wazanzibari wainuke, linampa mtawala hotuba iliyoandikwa tayari. Kijana wa Mtoni aliyetaka kujua fomu ya kituo chake iko wapi anageuka, kwenye redio ya saa mbili usiku, kuwa askari wa dola la kigeni.

(Katika kisa hicho cha 1896 kuna picha moja isiyonitoka. Khalid bin Barghash, aliyejitawaza Sultani bila ya idhini ya Waingereza, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, huku Waingereza wakimvizia nje ili wamkamate akikanyaga ardhi ya Zanzibar. Wajerumani walisubiri mpaka tarehe 2 Oktoba, bamvua lilipoyaleta maji mpaka kwenye uzio wa ubalozi, wakamtia kwenye mashua bila ya kukanyaga nchi kavu, wakampeleka Dar es Salaam. Ubalozi unaweza kumwokoa mtu mmoja namna hiyo. Wale waliokuwa ndani ya kasri hawakuwa na bamvua lao.)

Wanaotetea uhimizaji wa nje hupenda kutaja Serbia, na wana haki ya kuitaja. Mtawala wa pale, Slobodan Milošević, alianguka tarehe 5 Oktoba 2000, na Marekani ilikuwa imetumia dola zipatazo milioni 41 katika kampeni ya mwaka ule. Ndani yake mlikuwa na vibandiko milioni 2.5 vyenye maneno "amekwisha" kwa Kiserbia, na makopo 5,000 ya rangi ya kupulizia ukutani. Lakini angalia fedha zilikuta nini. Otpor, harakati ya kumpinga Milošević, iliundwa na wanafunzi wa pale tangu 1998. Vyama 18 vya upinzani vilikubali mgombea mmoja. Wachimba makaa wa Kolubara waligoma. Na polisi, ilipofika siku yenyewe, kwa sehemu kubwa hawakufyatua risasi. Kibandiko kinabandika palipo na ukuta. Nchi ambayo vyama vyake vitatu vina wagombea watatu, na wafanyakazi wake wa bandarini hawana chama chao wenyewe, ukiipelekea vibandiko milioni 2.5 utakuwa umepeleka takataka na orodha ya watu wa kukamatwa.

Kitu chengine kilichofanya kazi Serbia kinastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndicho msaada wa nje ninaouona halali na wenye faida kwetu: hesabu sambamba ya kura. Mwangalizi anakaa kituoni tangu kufunguliwa mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe. Fomu ya matokeo ikishasainiwa na mawakala na kubandikwa nje, anaipiga picha, anaandika takwimu zake kwenye fomu yake, na kuzipeleka kituo cha kujumlishia kwa njia mbili tofauti, moja ikiwa haihitaji intaneti. Nchi kubwa hutumia vituo mia kadhaa vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, na hiyo inatosha pale ambapo tofauti ya wagombea ni kubwa.

Kwa Zanzibar sampuli haitoshi. Mwaka 1995 matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 50.2 kwa Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Seif Sharif Hamad wa CUF. Hakuna sampuli inayoweza kukata tofauti ya nusu asilimia. Zinahitajika fomu zote, za kila kituo, Unguja na Pemba, Tumbatu na Kojani. Na mambo huharibika mahali pale pale kila mara. Wakala anatolewa nje wakati wa kuhesabu kwa kisingizio cha kitambulisho. Fomu haibandikwi. Mtandao unazimwa jioni. Wakala hajalipwa nauli wala chakula, ameondoka saa kumi na mbili. Simu yake imeisha chaji saa nne usiku, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpa betri ya akiba. Dola la nje linalotaka kusaidia linunue betri, lilipie mafunzo ya mawakala wa vyama vyote bila ya kubagua, na lifanye hivyo mwaka mmoja kabla, hadharani. Wiki mbili kabla ya kura ni kuchelewa, tena kunanuka njama.

Waangalizi wao nao wana kasoro ya tarehe. Mwaka 2015 kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba, na tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi. Mwangalizi ambaye tiketi yake ya kurudi ni siku ya nne anaangalia sherehe, haangalii uchaguzi.

Vikwazo na kukata misaada vina mjadala mrefu, nami nitaugusa kwa mfano wetu tu. Baada ya 1995 wafadhili kadhaa walisimamisha misaada kwa Zanzibar. Baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016, ambao CUF iliususia, shirika la Marekani la MCC lilisimamisha mpango wa dola milioni 472 uliolenga umeme. Naelewa sababu. Lakini kisiwa kilichokaa miezi mitatu gizani, kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kinajua nani anaumia umeme ukikosekana: muuza samaki ambaye barafu yake imeyeyuka, mama anayejifungua kwa taa ya simu. Aliyefuta uchaguzi ana jenereta. Kama ni kubana, basi banwe mtu kwa jina lake: viza yake, akaunti yake, nyumba yake iliyo ng'ambo. Na ikatwe bidhaa inayotumika kuumiza watu moja kwa moja. Azimio namba 418 la Novemba 1977 liliizuia Afrika Kusini kununua silaha, na tofauti yake na kukata fedha za dawa inaonekana kwa macho.

Januari 2001 tuliona jambo jengine. Maandamano ya tarehe 27 yalipigwa risasi, Pemba zaidi kuliko Unguja. Human Rights Watch ilihesabu angalau watu 35 waliouawa. Zaidi ya 2,000 walivuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Fikiria chombo kidogo usiku, mkondo wa Pemba wenye kina na mawimbi yake, watu wamejaa kupita kiasi, hakuna taa kwa kuogopa kuonekana. Kenya haikuwahimiza watu hawa kuandamana. Haikutoa hotuba. Ilikuwa na ufuo, na watu walipofika hawakurudishwa baharini. Kwa mizani yangu ufuo ule ni mzito kuliko taarifa zote za mabalozi za mwezi ule.

Na makubaliano yaliyofuata yana somo lake. Muafaka wa 1999 ulisimamiwa na Jumuiya ya Madola na ukavunjika kabla ya uchaguzi uliofuata. Wa Oktoba 2001 ulijadiliwa na vyama vyenyewe, CCM na CUF, nao ukapwaya. Maridhiano ya Novemba 2009 yalianza kwa Rais Amani Karume na Maalim Seif kukaa wawili Ikulu, bila ya mgeni. Yakazaa kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita bila ya maziko. Sisemi kwamba shinikizo la nje halikuwa na kazi yoyote katika miaka ile kumi. Nasema waliokaa chini walijua kwamba kesho yake watakutana msikitini na sokoni, na hilo mgeni hawezi kulileta kwenye mkoba.

Atauliza mtu: na pale ambapo mauaji yameshaanza? Libya ya 2011 ni jibu chungu. Azimio namba 1973 la tarehe 17 Machi liliruhusu kulinda raia, na huenda Benghazi iliokoka kwa sababu yake. Kisha ulinzi ukageuka kuwa kumwondoa Gaddafi, mpango wa Umoja wa Afrika ukapuuzwa, operesheni ya NATO ikafungwa tarehe 31 Oktoba, siku kumi na moja baada ya Gaddafi kuuawa, na silaha za Libya zikatembea jangwani mpaka Mali. Barack Obama mwenyewe alikiri baadaye kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kutopanga siku iliyofuata. Kulinda watu wasiuawe ni wajibu. Kuwatumia watu hao hao kama sababu ya kupindua, kisha kuondoka, ni kitu kingine, na azimio linalopigiwa kura liseme wazi ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa hiyo siku mabalozi watakapokaa kuandika tena juu ya Zanzibar, au juu ya nchi yoyote iliyo katika hali hiyo, kuna mistari minne ninayoitaka. Wa kwanza: tumeona nini kwa macho yetu, kituo gani, saa ngapi. Wa pili: tutafanya nini, kwa jina na kwa tarehe. Fulani na fulani hawatapata viza kuanzia Jumatatu, waangalizi wetu watabaki mpaka shauri la mwisho limalizike mahakamani, anayekimbia atapokelewa mahali hapa. Wa tatu, ambao sijauona katika taarifa hata moja: hatutafanya nini. Hatutaleta askari. Hatutaleta ndege. Atakayetoka leo usiku asitoke kwa kututegemea sisi. Wa nne: tumewaambia watawala maneno haya haya, bila ya kuongeza wala kupunguza.

Taarifa ya namna hiyo ikisomwa barazani haitamfurahisha mtu. Kahawa itanyweka kimya. Lakini mama mmoja wa Micheweni atakayeisikia redioni, mwanawe akiwa ameshavaa viatu, atajua anachobishana naye mlangoni.